Kiitikio ni Chetu

Ndugu zangu, fungueni pale Daudi anapoitwa ikulu kwa mara ya kwanza. Hakuitwa kupigana, Goliathi bado hajatajwa. Mfalme Sauli alikuwa anateswa na roho mbaya, watumishi wake wakashauri atafutwe mtu ajuaye kupiga kinubi. Akatajwa mtoto wa Yese wa Bethlehemu, kijana wa machungani. Akaja na kinubi chake, akapiga, mfalme akapata nafuu. Makanisani mwetu tumehubiri kombeo na mawe matano mpaka watoto wanayahesabu kwa vidole, lakini kinubi tunakipita mbio. Leo tukae kwenye kinubi. Daudi aliingia nyumba ya utawala kwa mlango wa muziki, na mlango huo haujafungwa hadi leo.

Kisha tazameni mkuki ulianzia wapi. Vita vimekwisha, jeshi linarudi, wanawake wa miji ya Israeli wanatoka barabarani na matari wakiimba na kuitikiana. Katika wimbo wao Daudi amewekwa juu ya mfalme. Si Daudi aliyeutunga. Si yeye aliyeuongoza. Ni umma ulioimba, na kiitikio cha umma kikafika masikioni mwa Sauli, na kesho yake mkuki ukarushwa. Kijana ameshika kinubi mkononi, mkuki unapita karibu yake. Waliouimba wimbo wako majumbani kwao, wanapika.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka kulisema mpaka mwisho wa karatasi hii. Kila wimbo wa kwetu una anayeongoza na wanaoitikia. Manju wa Usukumani ana watu wake nyuma yake. Kaswida ina sauti moja mbele na safu nzima inayojibu. Kwaya ya mtaani kwenu ni hivyohivyo: mwimbishaji akiishiwa pumzi, waitikiaji wanaushika wimbo usianguke. Sasa mwimbishaji akitoka jukwaani akaenda bungeni, waitikiaji wanakuwa wapi?

Nitawapeleka Mbeya, maana ndiko ninakokujua, kwa habari ya mwimbishaji mmoja aliyetoka jukwaani akaenda bungeni.

Mwaka 1995 Tanzania ilipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1992. Mwaka huohuo kijana aliyejiita 2 Proud alitoa albamu yake ya kwanza, Ni Mimi. Jina lake ni Joseph Mbilinyi, aliyezaliwa mwaka 1972. Miaka minne nyuma, Saleh Jabir alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba rap inaweza kukaa katika Kiswahili. Huyu akaichukua, akaipa maneno ya kijiweni, ya stendi, ya chumba cha kupanga chenye vijana wanne na godoro moja. Mwaka 1996 ikaja Ndani ya Bongo. Mwaka 1998 ikaja Niite Mr. II, na humo mkiwa na Hali Halisi, wimbo unaozungumzia ugumu wa maisha ya mtaani na siasa inavyomchezea mwananchi. Baadaye akaitwa Sugu, na jina hilo ndilo lililoganda.

Nilikuwa na kanda moja, ya kurekodi, si ya kununua. Jina la msanii lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu kwenye karatasi iliyokatwa kutoka daftari la hesabu. Betri zikiwa zimeisha nguvu tuliziweka juani zipate uhai kidogo, na kanda tuliirudisha nyuma kwa penseli, tukizungusha polepole ili tusimalize betri kwa kurudisha. Tunasikiliza mstari mmoja, tunazima, tunaandika. Tunasikiliza tena. Baba alituona tukiandika, akadhani tunajisomea. Alipojua ni nini, alisema ni nyimbo za wahuni. Lakini jioni moja nilimkuta amekaa barazani, redio inapiga Hali Halisi, na hakuizima. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani kimya.

Nataka mwelewe uzito wa ukimya ule. Mzee aliyekuwa amesubiri mafao yake miaka, akipanda ngazi za ofisi na kushuka, alikuwa amesikia redioni jambo ambalo hata mezani kwake mwenyewe hakuthubutu kulisema. Kazi ya kinubi ni hiyo. Siti binti Saad aliifanya Zanzibar zamani, aliposimulia katika wimbo wa Kijiti mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaacha watu na uchungu. Mahakama ilipokwisha kufunga, wimbo ulifungua kesi upya, na umma ukawa barazani ukisikiliza.

Mwaka 2010 Sugu aligombea ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Walikuwepo waliosema mhuni ameingia mjengoni. Akawa msemaji wa kambi ya upinzani kwa habari, utamaduni, vijana na michezo, na haki za wasanii zikawa na mtu wa kuzisimamia ndani ya ukumbi ule. Mtu aliyejua kwa mwili wake maana ya kujulikana nchi nzima na kukosa nauli ya daladala. Mwaka uliofuata, Novemba, machinga wa Mwanjelwa wakapambana na polisi. Mawe barabarani, matairi yanawaka, maduka yamefungwa, hata jeshi likaitwa. Mbunge akaja, akasimama mbele ya vijana wale, akawasihi watulie.

Mimi naipenda picha hiyo kuliko picha zote za majukwaa yake. Msanii hupewa pesa ili apandishe mori wa watu. Siku ile alitumia sauti ileile kuushusha, na vijana wakamsikia, kwa sababu kwa miaka kumi na tano alikuwa hajawadanganya katika nyimbo. Imani ya namna hiyo hainunuliwi kwa fulana na kofia.

Mwaka 2015 akachaguliwa tena. Halafu mkuki.

Tarehe 30 Desemba 2017 alihutubia mkutano hapa Mbeya. Kwa maneno aliyoyasema siku ile alishtakiwa kwamba amemtukana Rais, na tarehe 26 Februari 2018 akahukumiwa kifungo cha miezi mitano pamoja na katibu wa chama chake wa kanda. Alipelekwa Gereza la Ruanda, ndani ya jimbo lake mwenyewe. Alitoka tarehe 10 Mei.

Sasa nitubu mbele yenu. Katika miezi ile nilipita njia ya gereza lile mara nyingi kwa bajaji. Kila nikikaribia, nilijikuta natazama simu. Sikuwa na ujumbe wowote wa kusoma. Nilikuwa naogopa kutazamwa nikitazama. Mimi, niliyeandika nyimbo zake kwenye daftari la hesabu! Mimi niliyeitikia kila mstari uwanjani, mikono juu, sauti ikakauka! Mwimbishaji yuko nyuma ya ukuta, na mwitikiaji anajifanya ana shughuli na simu. Dereva alikuwa kijana mdogo, siku moja aliniuliza, "Mzee, hivi kosa lake lilikuwa nini hasa?" Nikamjibu kwamba mambo ya siasa siyafuatilii.

Ndugu zangu, nililikana jina kama Petro pale kwenye moto wa makaa, na hakuna jogoo aliyewika kunizindua. Tofauti ni kwamba Petro alitoka nje akalia. Mimi nililipa nauli nikaenda zangu sokoni.

Mwaka 2020 Sugu alishindwa na Tulia Ackson, aliyekuwa Naibu Spika na ambaye mwaka 2022 akawa Spika. Vyama vya upinzani viliulalamikia sana uchaguzi ule, na CHADEMA ilibaki na mbunge mmoja tu wa kuchaguliwa jimboni, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini. Mwaka 2024 Sugu alichaguliwa mwenyekiti wa chama chake Kanda ya Nyasa, na Agosti ya mwaka huohuo akakamatwa tena hapa Mbeya na viongozi wenzake, vijana walipokuwa wakitarajiwa kukusanyika.

Wapo watakaosema ninahubiri chama. Sihubiri chama. Kapteni John Komba aliimba upande wa pili, akaongoza Tanzania One Theatre, akawa mbunge wa Mbinga Magharibi mpaka alipofariki Februari 2015. Nani alikuwa na macho makavu mwaka 1999 nyimbo zao za kumlilia Mwalimu zilipokuwa zikipigwa usiku na mchana? Sauti ni kipaji, na kipaji hakina kadi ya chama. Wala simtakasi Sugu. Mwanasiasa ni mwanasiasa, na mwanamuziki aliyekaa kwenye kiti cha enzi anaweza kuanguka vibaya kuliko aliyekikalia kwa urithi. Mnamkumbuka Daudi? Kijana wa kinubi alipokuwa mfalme alimtazama mke wa Uria kutoka darini, akamchukua, na Uria akawekwa mbele ya vita ili afe. Ikulu yote ilijua. Jemadari aliyepokea maagizo alijua. Ni nabii Nathani peke yake aliyeingia na kumsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja, na tajiri aliyemnyang'anya. Mfalme akawaka hasira juu ya tajiri yule, ndipo akaambiwa kwamba tajiri ni yeye. Zaburi tunazoimba zisingetosha kumwokoa Daudi bila mtu wa kumwambia hivyo usoni.

Kwa hiyo mkisikia nasema tusimwache mwimbishaji, msidhani nasema tumshangilie. Waliomshangilia Daudi ndio hao waliokaa kimya siku ya Uria.

Kuna mtu mwingine aliyetuambia jambo hili waziwazi, na tukalicheza harusini. Joseph Haule, Profesa Jay, aliyetoka kundi la Hard Blasters, alitoa mwaka 2001 albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na ndani yake mna Ndiyo Mzee. Mnaujua wote. Mgombea amepanda jukwaani, anaahidi. Ahadi ya kwanza ni kubwa, ya pili ni kubwa zaidi, ya tatu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua haiwezekani chini ya jua hili. Na kila akiahidi, umati unamjibu. Kwa miaka mingi tumeucheka wimbo ule tukimnyooshea kidole mgombea: mwongo yule, tapeli yule! Rudini mkausikilize kwa sikio lingine. Mgombea ana sauti moja tu. Sauti nyingi ni za umati. Na jina la wimbo halikuchukuliwa katika ahadi zake. Limechukuliwa katika majibu yetu. Profesa Jay aliupa wimbo jina la kosa letu, nasi tukaukariri kwa furaha.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 2015, mtunzi huyohuyo akasimama jukwaani Mikumi akiomba kura za kweli, akazipata, akawa mbunge mpaka 2020. Nimefikiri sana juu ya mwezi ule wa kampeni. Mtu ametunga wimbo wa umati unaokubali kila kitu, na sasa umati wa kweli uko mbele yake, vumbi, jua, watoto juu ya miti, na yeye ndiye mwenye kipaza sauti. Angesema lolote wangeitikia. Mtihani huo si wa mgombea peke yake.

Tazameni na jirani zetu. Robert Kyagulanyi, mnayemwita Bobi Wine, alikulia Kamwokya, mtaa wa mabati na mitaro ndani ya Kampala, akasomea muziki na maigizo Makerere, akaitwa rais wa geto kabla hajaomba kura yoyote. Juni 2017 akachaguliwa mbunge wa Kyadondo Mashariki. Agosti 2018, kule Arua, dereva wake aliuawa kwa risasi na yeye akakamatwa, akatoka kizuizini akitembelea magongo. Novemba 2020 akakamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni za urais. Watu wakamiminika barabarani, na katika siku mbili zaidi ya watu hamsini wakafa. Wengine walikuwa wapita njia, wengine walikuwa dukani mwao. Januari 2021 akatangaziwa asilimia 35 dhidi ya 58 za Museveni, na nyumba yake Magere ikazungukwa na askari.

Hayo nayataja nikitetemeka. Waitikiaji wa Kampala hawakujificha kama mimi kwenye bajaji, na wapo akina mama waliozika watoto wao. Sitamwambia kijana wa mtu akasimame mbele ya bunduki. Mhubiri anayelisema hilo akiwa chumbani kwake amekunywa chai hana haki ya kusikilizwa. Damu si kiitikio tulichoagizwa. Tuliagizwa kusema kweli mapema, tukiwa wengi, kila siku, ili isifike siku ya kulipa kwa damu.

Wewe msanii unayesoma haya, nakuomba unisikilize. Kila baada ya miaka mitano simu inalia. Unapewa fulana, unapewa wimbo uliokwisha kuandikwa, jina la mgombea limeachiwa nafasi ulitamke mara nane. Unapandishwa juu ya lori lenye spika, mnazunguka kutoka Uyole mpaka Tunduma, unaimba kwa watu ambao walikupenda kwa wimbo wa shida zao, na sasa unawaambia shida hazipo. Najua kodi ya nyumba haingoji. Najua mtoto anadaiwa ada. Sikuhukumu kwa kula. Lakini jiulize usiku ukirudi, koo limekauka na bahasha iko mfukoni: yule mama muuza parachichi aliyekuwa anacheza mbele ya lori, akikuamini, umemwachia nini? Sauti yako ulipewa na Mungu, ikakuzwa na watu kama yeye waliokusikiliza hujawa na jina. Ni amana. Ukitaka siasa, ingia kwa miguu yako, gombea, ulizwa, jibu, shindwa kama itakulazimu. Usiikodishe amana kwa siku thelathini.

Nanyi waitikiaji, ambao ni sisi sote, kazi yetu ni ya lini? Tunadhani ni ya siku moja ya Oktoba. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nani anakwenda? Wazee sita na wenye kesi za mipaka. Kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mbunge wako, awe aliimba rap, awe aliimba kwaya, awe hajawahi kuimba hata bafuni, umewahi kumwuliza mabati ya mfuko ule yalikwenda shule gani? Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anatoa ripoti, magazeti yanaijaza kurasa za mbele siku tatu, na siku ya nne tumerudi kwenye mpira. Ulizeni! Ulizeni hata kama mnampenda aliyechaguliwa, na hapo ndipo muulize zaidi. Mtu umpendaye asipoulizwa na wewe, ataulizwa na adui zake, nao hawatakuwa wanatafuta jibu.

Mwezi uliopita nilikuwa kijijini kwa mama mkwe, Rungwe. Mkutano ulikuwa chini ya mparachichi, mvua inanyunya, tumekaa kwenye mabenchi ya shule. Mtendaji alisoma hesabu kwa kasi ya mtu anayekimbiza basi: michango ya zahanati, kiasi hiki, saruji, kiasi hiki, ufundi, kiasi hiki, je, mmeelewa? Watu wakaguna kukubali, na wengine walikuwa wameshaanza kukunja miavuli yao wakitaka kuondoka.

Bibi mmoja akasimama. Ana kanga mbili, moja kifuani, moja kichwani, na kikapu cha ndizi miguuni.

"Mtendaji mwanangu," akasema, "hapo kwenye saruji. Rudia."

"Mama, nimeshasoma. Mifuko arobaini."

"Mimi nilikuwepo siku gari linashusha. Nilihesabu. Rudia tena, na utusomee na tarehe."

Watu wakageuka. Waliosimama kuondoka wakakaa. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Soma na tarehe," kisha kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Na tarehe," na benchi lote la akina mama likapokea. Mtendaji akafuta matone ya mvua kwenye jalada, akafungua daftari lake, akaanza kutafuta ukurasa. Bibi hakukaa.